Uuguzi Ujerumani bila wakala: nilivyotoka Geita na diploma mpaka ukaazi wa kudumu

Nesi wa Zamu

Habari zenu wakuu, na shikamoo kwa wakubwa mliomo humu.

Januari mwaka huu nimepewa kibali cha ukaazi wa kudumu hapa Ujerumani. Kila wiki napata ujumbe wa binti au kijana aliyesoma uuguzi nyumbani: "Dada, kuna mtu anataka milioni tano anipeleke huko, nimpe?" Nimewajibu mmoja mmoja kwa miaka sasa. Leo naandika mara moja, kwa urefu, ili atakayeuliza nimwelekeze hapa.

Nianze na hela niliyopoteza. Nilimaliza diploma ya uuguzi na ukunga mwaka 2015. Mwaka uliofuata ajira serikalini zikasimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na sisi tuliotoka vyuoni tukabaki kujitolea. Nilijitolea kwenye kituo cha afya mkoani Geita kwa posho ya laki moja na nusu kwa mwezi. Usiku tulikuwa wauguzi wawili, wodi ya wazazi imejaa, wengine wamelala chini. Mwaka 2018 nikakutana na mtu mwenye ofisi nzuri ya vioo Dar es Salaam. Akasema ana nafasi za wauguzi Ujerumani, lugha tutajifunzia hukohuko. Mama aliuza ng'ombe wanne, nikaongezea na akiba yangu, ikatimia milioni tatu na laki sita. Baada ya miezi mitano ile ofisi ilikuwa duka la vipodozi na namba haipatikani. Mama hakunilaumu hata siku moja, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko kama angenigombeza.

Ningejua jambo moja tu nisingempa hata shilingi: kwa kawaida muuguzi hapati viza ya kuja kukamilisha utambuzi wa cheti chake, yaani kikubalike kisheria huku, bila Kijerumani cha B1 mkononi, ngazi ya tatu kati ya sita za lugha zinazoanzia A1 na A2. Anayekuambia lugha utajifunzia hukohuko hajui anachokifanya, au anakijua vizuri sana.

Mwaka 2019 nikahamia kwa shangazi Mbagala, mwanangu wa miaka mitatu nikamwacha Sengerema kwa mama. Nikaanza A1 pale Goethe-Institut, kituo cha Wajerumani cha lugha na utamaduni. Asubuhi darasani, usiku zamu kwenye zahanati ya mtu binafsi ili nipate ada. Wengi wanatishwa na zile jinsi tatu za nomino. Sisi tuliolelewa na ngeli hazitusumbui hivyo. Kilichonitesa ni kitenzi kukaa mwisho wa sentensi: unasikiliza, unasubiri, na kitendo chenyewe unakipata mtu akishamaliza kusema. Machi 2020 ikaja korona, madarasa yakafungwa, nikaendelea na simu yenye kioo kilichopasuka.

Mtihani wa B1 una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila moja inatakiwa 60 kati ya 100, na ukianguka moja unairudia hiyo peke yake. Kusikiliza nilianguka mara mbili. Kilichonisaidia ni taarifa ya habari ya Deutsche Welle inayosomwa polepole kwa wanaojifunza, ni bure. Kila siku kwenye daladala kutoka Mbagala naisikiliza mara tatu ileile. Desemba 2020 nikapata cheti.

Sasa makaratasi, na hapa naomba msome taratibu. Wajerumani hawaangalii jina la diploma yako, wanahesabu saa. Mafunzo yao ya uuguzi ni miaka mitatu yenye saa 4,600, yaani 2,100 za darasani na 2,500 za wodini. Kwa hiyo matokeo yenye alama A na B hayatoshi. Rudi chuoni ukaombe waraka wenye mhuri unaoonyesha kila somo lilikuwa saa ngapi za nadharia na kila wodi ulikaa saa ngapi. Chuoni kwangu hawakuwahi kuombwa kitu kama hicho, nikaenda mara tatu kutoka Dar mpaka walipokubali kunitengenezea. Pamoja na huo: leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, barua ya Baraza kwamba huna doa kitaaluma, na barua za kila ulipofanya kazi, hata kama ulijitolea. Zamu zako za kujitolea ni uzoefu, ziombee barua. Kisha vyote vitafsiriwe Kijerumani na mtafsiri aliyeapishwa.

Kazi nilitafuta mwenyewe. Nilipita kwenye tovuti ya serikali yao iitwayo Make it in Germany na kwenye orodha ya kazi ya Bundesagentur für Arbeit, ambayo ndiyo mamlaka yao ya ajira. Nilituma maombi 71, kwa hospitali na kwa nyumba za wazee. Waliojibu ni tisa, walionihoji kwa video ni watatu, aliyenipa mkataba ni mmoja, hospitali ya wastani jirani na Kassel. Mwajiri ndiye aliyefungua ule utaratibu wa haraka wa wafanyakazi wenye ujuzi, ambao ada yake ni yuro 411, akalipa yeye. Mimi nililipa viza, yuro 75, na nauli yeye akanirudishia.

Mamlaka ya jimbo ikishasoma vyeti vyako inakujibu kwa barua inayoitwa Defizitbescheid. Nilipoiona nililia, nikadhani nimekataliwa. Sivyo. Ni barua inayosema umepungukiwa wapi, na ndiyo inayokufungulia viza. Mimi nilipungukiwa saa za huduma kwa wazee na za afya ya akili. Hapo unachagua njia moja kati ya mbili: mafunzo ya kujazia kwa miezi kadhaa, au mtihani wa maarifa, Kenntnisprüfung, ambao una sehemu ya mdomo na sehemu ya vitendo wodini. Mtihani unarudiwa mara moja tu. Nikachagua mtihani.

Nilifika Oktoba 2021. Hadi utambuzi ukamilike unafanya kazi kama msaidizi wa wauguzi, na mshahara ni wa msaidizi.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana hakuna aliyeniandaa. Nyumbani nilikuwa nazalisha, nashona michaniko, naweka dripu usiku kwa mwanga wa simu. Hapa ukunga ni taaluma nyingine kabisa, tangu 2020 inasomewa chuo kikuu, kwa hiyo cheti changu cha muuguzi mkunga kilisomwa nusu tu. Kuweka kanula, ile sindano ya dripu kwenye mshipa, katika wodi yetu ya hapa ni kazi ya daktari. Asubuhi ya kwanza nilipewa wagonjwa saba wa kuwaogesha. Nyumbani kumwogesha mgonjwa ni kazi ya ndugu: mama yake, mke, dada aliyekuja na beseni na kanga. Hapa ndugu anakuja saa tisa alasiri na maua, anaondoka. Wa saba wangu alikuwa mzee wa miaka 88 aliyekuwa dereva wa treni, akanishika mkono akaniomba nimsugue mgongo kwa maji ya moto, kwa sababu hakuna aliyemgusa tangu Ijumaa. Nilimsugua. Kisha nikaingia chumba cha mashuka machafu nikalia, nikajiuliza kama ng'ombe wa mama waliuzwa ili mimi nije kuwa mwogeshaji.

Ilinichukua miezi kuelewa. Mwalimu wa vitendo, mama mmoja wa makamo, alinisimamisha siku moja baada ya kumwogesha mgonjwa akaniuliza: ngozi ya kisigino ikoje? Anapumua mara ngapi ukimgeuza? Amemeza mate vizuri? Sikuweza kujibu hata moja, nilikuwa nimeogesha mwili wa mtu bila kumwona. Tangu hapo beseni likawa kwangu chombo cha uchunguzi. Na kwenye mtihani wa vitendo ndicho walichonipa: mgonjwa mmoja, umhudumie tangu kuoga hadi dawa, huku ukieleza kwa Kijerumani unaona nini, unahofia nini na utafanya nini. Hiyo sehemu nilipita mara ya kwanza. Ya mdomo nilianguka, nikairudia Septemba 2022 nikapita. B2 niliipata Agosti mwaka huohuo, maana bila B2 hawakupi hati ya kuitwa muuguzi. Hati niliishika Novemba 2022.

Kuhusu ukaazi, wengi wanapiga hesabu vibaya. Mwenye ujuzi aliyesomea nje anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu, zamani ilikuwa minne, lakini miaka hiyo haihesabiwi tangu siku uliyotua uwanja wa ndege. Inahesabiwa tangu upate kibali cha mfanyakazi mwenye ujuzi, kifungu cha 18a cha sheria yao ya ukaazi. Mwaka wangu wa usaidizi ulikuwa chini ya kifungu cha 16d, kile cha kukamilisha utambuzi wa cheti, haukuingia. Kwa hiyo kila mwezi unaochelewesha mtihani ni mwezi unaousogeza mbele ukaazi wako. Mengine wanayotaka ni michango ya pensheni ya miezi 36, lugha B1, na mtihani wa maisha ya Ujerumani wenye maswali 33 yanayotoka kwenye maswali 310 ambayo yako wazi mtandaoni. Kwa ukaazi 15 yanatosha, kwa uraia ni 17.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu nikitoka zamu.

---

Mtoto wa Igoma

Nimeweka kambi hapa. Dada asante sana, haya ni madini. Hiyo ya kuomba saa chuoni sijawahi kuisikia popote, Jumatatu naenda.

---

fundi_wa_Kibaha

Heshima kwako dada. Mimi nina miaka 23, nina cheti cha VETA umeme wa majumbani ngazi ya pili, na mwaka mmoja na nusu kazini. Kuna njia kwa sisi mafundi au ni kwa manesi tu? Nasikia pia kuna Kadi ya Fursa, mtu anaenda kutafuta kazi akiwa hukohuko.

---

Nesi wa Zamu

Karibu mdogo wangu. Njia ipo, tena kwa umri wako iko nzuri kuliko ya kwangu.

Kadi ya Fursa, wao wanaiita Chancenkarte, ilianza 1 Juni 2024. Inakupa hadi mwaka mmoja wa kutafuta kazi, na unaruhusiwa kibarua cha saa 20 kwa wiki. Inataka shahada au mafunzo ya ufundi yasiyopungua miaka miwili yanayotambuliwa na serikali ya nchi yako, lugha angalau Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2, na alama sita zinazotokana na uzoefu, lugha, umri na kadhalika. Ugumu uko kwenye pesa. Unaonyesha kwamba unaweza kujitunza, na kwa mwaka 2025 walitaka yuro 1,091 kwa kila mwezi, kwa kawaida zikiwa zimefungiwa kwenye akaunti maalumu. Kwa mwaka mzima ni zaidi ya yuro 13,000. Ukikopa hizo, utaamka kila siku na deni kabla hujapata kazi. Na kwa muuguzi kadi hiyo haiondoi hitaji la hati. Uuguzi hapa ni kazi inayodhibitiwa kwa sheria.

Wewe ningekushauri Ausbildung, yaani mafunzo ya ufundi ya hapahapa. Unasoma na kufanya kazi kwa mwajiri mmoja, umeme unachukua miaka mitatu na nusu, unalipwa posho kila mwezi tangu wa kwanza. Kwa uuguzi kwenye hospitali za umma posho ya mwaka wa kwanza inazidi yuro 1,300. Ufundi umeme ni pungufu ya hapo. Unahitaji mkataba na B1, na VETA yako pamoja na huo mwaka na nusu vitamshawishi bosi kwamba unajua kushika bisibisi. Faida nyingine: aliyesomea Ausbildung hapa anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka miwili ya kazi ya ujuzi wake badala ya mitatu. Andika mwenyewe kwa makampuni madogo ya umeme kwenye miji midogo. Berlin kila mtu anaandika.

---

Mkale wa Nyali

Salamu kutoka Mombasa. Naomba niongezee kwa ndugu zangu Wakenya wanaosoma hapa.

Mkataba wa uhamiaji wa kazi kati ya Kenya na Ujerumani ulitiwa saini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, Rais Ruto na Kansela Scholz wakiwepo. Kabla wino haujakauka maajenti wakaanza kutangaza nafasi 250,000. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ilitoka hadharani ikakanusha, ikasema mkataba hauna idadi yoyote. Kilichomo ni utaratibu: namna ya kurahisisha viza na utambuzi wa vyeti kwa anayetimiza masharti, na namna ya kuwarudisha wasio na kibali. Sharti la lugha liko palepale.

Shemeji yangu alilipa ajenti wa Nairobi shilingi laki tatu na nusu kwa sababu ya hiyo namba 250,000. Aliambiwa atasafiri baada ya wiki sita kuwa dereva. Hadi leo yuko Kisauni. Kabla hujalipa mtu yeyote, hakikisha jina la kampuni liko kwenye orodha ya mamlaka ya ajira ya taifa, NEA. Hata likiwepo, uliza mwajiri ni nani, kwa jina, na umpigie wewe mwenyewe.

---

Binti Sengerema

Dada Nesi, mimi ndiyo nataka kulipa wiki hii, ndiyo maana nasoma huu uzi nikitetemeka. Wakala ni wa hapa Dar, anataka milioni sita, nusu sasa nusu viza ikitoka. Kanionyesha mkataba wa hospitali ya Ujerumani wenye mhuri. Mimi ni muuguzi, diploma, nina A2. Anasema B1 hospitali imeniondolea. Baba ameshapata mteja wa kiwanja.

---

Nesi wa Zamu

Mdogo wangu, zuia kiwanja kwanza. Mpigie baba leo, usingoje kesho.

Nakueleza kwa nini. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Tanzania imo. Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo pia zimo. Sheria ya Ujerumani inasema kwa nchi zilizomo kwenye orodha hiyo, kuajiri na kuunganisha watu wa kada za afya ni kazi ya mamlaka yao ya ajira peke yake, Bundesagentur für Arbeit. Wakala binafsi haruhusiwi kuja Dar kukusanya wauguzi. Wewe kuomba kazi mwenyewe hukatazwi, ndivyo nilivyofanya mimi. Kwa hiyo huyo bwana hata mhuri ukiwa wa kweli, anachokifanya kimekatazwa kule anakosema anakupeleka.

La pili, hospitali haina uwezo wa kukuondolea B1. Viza inatolewa na ubalozi.

La tatu, utaratibu wa haki wa kuajiri wauguzi hapa ni kwamba mwajiri ndiye anayelipa. Wana hata nembo ya serikali ya kuajiri kwa haki katika uuguzi yenye msingi huo. Anayekuuzia kazi ya uuguzi Ujerumani anakuuzia kitu ambacho hospitali ingemlipia.

Tafuta jina la hospitali iliyo kwenye huo mkataba, ingia kwenye tovuti yake yenyewe, chukua barua pepe ya ofisi ya wafanyakazi, waandikie kwa Kijerumani chako cha A2: "Je, mkataba huu ni wenu?" Sentensi tatu zinatosha. Nitumie faragha nikusahihishie.

---

Dkt. wa Wilaya

Nimesoma yote, na nimeyasoma kwa uchungu. Mimi ni daktari hospitali ya wilaya. Mwaka jana wodi yangu ya wazazi iliondokewa na wauguzi watatu, mmoja Oman, wawili Ulaya. Hao walikuwa ndio wanaojua kumtambua mama anayeelekea kifafa cha mimba kabla hajaanguka. Orodha hiyo ya Shirika la Afya Duniani dada uliyoitaja haikuwekwa ili kuwazuia matapeli, iliwekwa kwa sababu ya wagonjwa wangu. Sikulaumu wewe binafsi, lakini naomba uzi kama huu useme na upande huo.

---

Nesi wa Zamu

Daktari, asante, na ulichosema ni kweli tupu. Sitakijibu kwa haraka.

Nilipokuwa najitolea Geita, wodi ilikuwa na upungufu wa wauguzi na mimi nilikuwa na cheti, na bado nilikuwa silipwi mshahara. Vitu hivyo viwili vilikuwa vinakaa pamoja kwenye jengo moja. Tulikuwa wanne wa darasa langu mkoa ule. Mmoja akawa anauza vitenge, mmoja akaolewa akaacha, mmoja alipata ajira baada ya miaka minne na yupo mpaka leo, ndiye bora kuliko sisi sote. Sikuondoka kwenye kazi, niliondoka kwenye kuingoja kazi.

Lakini wale watatu wako walikuwa kwenye ajira, na hilo ni tofauti, nakubali. Usiku wa mama mwenye kifafa cha mimba naujua, nimekuwamo. Nikiwa zamu hapa na wagonjwa kumi na wawili, wenzangu wakilalamika kwamba ni wengi, nawafikiria wale wawili walioko Geita usiku huohuo. Sina jibu la kukupa kwa hilo. Kwa anayesoma hapa akiwa kwenye ajira ya kudumu nyumbani, na wodi inamtegemea, soma maneno ya Daktari mara mbili kabla ya kuamua.

---

Chumvi ya Uvinza

Dada tunaomba uwazi kuhusu mshahara. Watu wanaambiwa yuro 3,500 wanazizidisha na kiwango cha benki wanaona nyumba ya ghorofa.

---

Nesi wa Zamu

Nitasema wazi. Mkataba wangu sasa ni kama yuro 3,500 kabla ya makato. Sina mume hapa, kwa hiyo niko daraja la kwanza la kodi. Kodi, bima ya afya, pensheni ambayo upande wangu ni asilimia 9.3, bima ya kukosa kazi na ya matunzo ya uzeeni, vyote vikitoka nabaki na takriban 2,300. Zamu za usiku na Jumapili zinaongeza kidogo.

Chumba kimoja na jiko, pamoja na kupasha joto, 640. Siku ya kwanza mwenye nyumba anataka na dhamana, kisheria inaweza kufika kodi ya miezi mitatu, jiandaeni. Tiketi ya usafiri ya nchi nzima, kuanzia Januari mwaka huu, ni 63. Ada ya redio na televisheni kwa kila nyumba 18.36, hata kama huna televisheni, na barua zao msizipuuze. Chakula 250. Simu na intaneti 40. Nyumbani natuma 400 kila mwezi, na tangu mwaka jana naweka 500.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni la pensheni. Raia wa nchi zetu akichangia chini ya miezi 60 kisha akatoka kabisa katika nchi za Umoja wa Ulaya, baada ya miezi 24 anaweza kudai arudishiwe michango yake, ile ya upande wake tu, ya mwajiri inabaki. Akifikisha miezi 60 hadai tena, ila uzeeni atalipwa pensheni popote alipo. Najua kaka mmoja aliyerudi Morogoro akiacha miaka mitatu ya michango hapa bila kudai. Tunzeni zile barua za kila mwaka za pensheni.

---

Mkale wa Nyali

Dada, uraia je? Huku kwetu katiba ya 2010 inaruhusu uraia pacha, mimi nikifika huko sitasita.

---

Nesi wa Zamu

Kaka, kwenu ni rahisi. Ujerumani tangu 27 Juni 2024 imeshusha muda kuwa miaka mitano na hawakulazimishi kuacha uraia wa kwenu. Shida yetu iko upande wa pili: Tanzania hairuhusu mtu mzima kushika pasi mbili. Mimi nimesimama kwenye ukaazi wa kudumu. Sharti lake moja la kukumbuka ni kwamba ukitoka nje ya nchi zaidi ya miezi sita bila ruhusa yao, unafutika. Kwa hiyo likizo ndefu ya kumuuguza mzazi ombeni ruhusa kwa maandishi kabla ya kuondoka.

---

Binti Sengerema

Dada, hospitali wamejibu. Wanasema hawajawahi kutoa huo mkataba, na aliyetia saini si mtumishi wao. Baba amemrudishia mteja wa kiwanja kishika uchumba chake. Nimelia siku mbili, leo nimejiandikisha B1, darasa linaanza tarehe nne.

Naomba kuuliza na lingine. Mwanao ulimwacha Sengerema, ndiyo nyumbani kwetu. Alikuja? Mimi wa kwangu ana mwaka na miezi miwili.

---

Nesi wa Zamu

Mungu ashukuriwe kwa kiwanja. Hayo uliyoyaandika kuhusu mtoto ndiyo magumu kuliko B1.

Bado hajaja, na kosa ni langu. Nilidhani nikipata kibali tu namchukua. Kumbe wanataka mshahara unaotosha wawili, na kama baba yupo hai, idhini yake ya maandishi au hukumu ya mahakama kwamba malezi ni yangu peke yangu. Baba yake hatujui aliko tangu 2017. Kesi ya malezi nilipaswa kuifungua kabla sijapanda ndege, nikiwa hapo na mashahidi wangu hapo. Nimeifungua nikiwa huku, kwa wakili, imekula miaka miwili, hukumu imetoka Machi. Wewe fungua sasa, wakati unasoma B1. Na usimwache akavuka miaka 16, baada ya hapo masharti kwake yanaweza kuwa mazito. Wangu anatimiza kumi.

Miadi ya ubalozini ni mwezi ujao. Sasa nimetoka kile chumba kimoja, nimehamia nyumba ya vyumba viwili, shule iko mtaa wa pili.

---

Binti Sengerema

Na bibi yake aliyemlea? Anaruhusiwa kuja naye?

---

Nesi wa Zamu

Sheria ilibadilika: wenye ujuzi waliopata kibali chao cha kwanza kuanzia 1 Machi 2024 wanaweza kuomba wazazi wao waje, mradi waonyeshe uwezo wa kuwatunza pamoja na bima ya afya, ambayo kwa mzee ni ghali. Wewe ukifika utaingia humo. Cha kwangu kilitoka Desemba 2022, mimi simo.

Nilimweleza mama kwa simu. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama huko wanauza dagaa, maana mtoto hali mboga bila dagaa. Amesema atatufungia kilo mbili, na kwamba siku ya kuondoka atamsindikiza mpaka Mwanza, hatafika uwanja wa ndege.